Nyuzi Nne za Pasaka

Jumanne, 5 Aprili 1994

Mvua. Tope mpaka kwenye ngazi za zahanati. Kina mama walijaa barazani tangu saa kumi na mbili, maana tulifunga siku nne za Pasaka na watoto hawajui sikukuu. Mwajuma kachelewa tena. Nimemsema. Kanuna hadi saa sita. Nesi kijana, anadhani kazi itamsubiri anywe chai.

Friji nalo. Alhamisi kabla ya kufunga nilijaza mafuta ya taa nikapandisha utambi juu kabisa, ili ubaridi usikatike. Friji letu moto ukizidi na ubaridi unazidi. Leo nimefungua nikakuta barafu imeshuka mpaka trei ya chini, zilipo chupa za sindano ya paja, ile ya kifaduro, dondakoo na pepopunda. Nimeifuta kwa kitambaa. Nimepunguza moto. Chupa mbili zilikuwa bado zimeganda, nikaziacha mezani ziyeyuke. Nje watoto wanalia. Nikaanza kuchoma.

Chati ya friji ilikuwa tayari. Niliijaza hiyo hiyo Alhamisi, asubuhi na jioni za siku zote nne: nyuzi nne, nne, nne, nne. Kila sikukuu nafanya hivyo. Wakaguzi wanataka ibaki kati ya mbili na nane, na hawapendi kuona nafasi wazi.

Watoto kumi na tisa. Miguu imevimba. Nimeiloweka kwenye maji ya chumvi.

Ijumaa, 8 Aprili

Mratibu wa chanjo kutoka wilayani kaja bila taarifa. Kijana mpole, kaunda suti imepauka mabegani. Kaangalia chati. Kasema laiti zahanati zote za Temeke zingekuwa na sista kama mimi. Kapiga saini chini ya zile nne zangu.

Nimejisikia vizuri. Miaka ishirini na sita ya kazi, kusifiwa ni mara chache.

Kachanjwa pia mjukuu wangu, Eliza. Binti yangu Upendo kamleta mwenyewe, siku ya tatu tu tangu atoke arobaini. Mtoto kalia kidogo, kanyamaza.

Jumatatu, 11 Aprili

Semina wilayani. Chai na maandazi mawili. Sie tuliofunga ndoa na sindano tumekaa nyuma, vijana mbele.

Mratibu kaleta chupa mbili za sindano ya paja. Moja kaigandisha makusudi kisha kaiyeyusha. Kazitikisa zote, kaziweka mezani. Ile nzima ikabaki na weupe wake kama maji ya mchele. Ile iliyoganda ikaanza kutoa vipande vipande, vikashuka chini, juu yakabaki maji. Kasema ikishaganda imekufa. Kumchoma mtoto nayo ni kumchoma bure, na kadi itasema amechanjwa. Kasema tumezoea kuogopa joto tu.

Sikumaliza andazi la pili.

Jumanne, 12 Aprili

Imebaki chupa moja ya zile za trei ya chini. Nimefunga mlango wa chumba cha sindano. Nimetikisa. Nimeiweka dirishani nikakaa.

Vipande. Vimeshuka kabla hata sijavuta kiti vizuri.

Nimefungua daftari nikahesabu majina. Tarehe tano, sita na nane. Watoto thelathini na wanne. Wa mwisho Eliza.

Nimemwambia Mwajuma chupa ile imevunjika, aitoe kwenye hesabu. Sijui kwa nini nimesema hivyo.

Ijumaa, 15 Aprili

Nimefanya jambo la aibu. Naliandika ili lisinitoroke.

Nimeomba ruhusa, nikamchukua Eliza mpaka Sinza, kwenye moja ya hizi zahanati za watu binafsi zilizofunguliwa juzijuzi. Sakafu ya vigae, feni, friji jeupe la umeme na jenereta yake nyuma ya nyumba. Nimemwambia nesi kadi ya mtoto imepotea. Kachoma. Kaandika kadi mpya. Kaniita mama, kanipa na kiti.

Upendo kauliza kwa nini kadi mbili. Nimesema ni utaratibu mpya wa wilaya. Ana ishirini na miwili, bado anaamini kila ninachosema kuhusu kazi.

Mjukuu wangu sasa ana kinga. Wale thelathini na watatu wana kadi.

Jumatatu, 18 Aprili

Kaja mama wa Vituka na kichanga cha wiki sita. Kikohozi. Mtoto anakohoa mfululizo mpaka anakuwa wa bluu, kisha anavuta pumzi kwa sauti ile. Sijaisikia miaka kadhaa, ila sikio halisahau. Kifaduro.

Nimekimbilia daftari kabla ya kumshika mtoto. Hayumo. Hajawahi kuletwa kliniki. Nimemshukuru Mungu, halafu nikaona haya kwa kushukuru.

Nimempeleka mwenyewe hospitali ya wilaya, kwa gari la muuza mkaa. Wodi ya watoto kitanda kimoja watoto wawili, na mama zao wamelala chini kwenye kanga. Sista wa wodi tulisoma naye ukunga. Kazeeka. Naye kaniangalia hivyo hivyo. Kaniuliza huko mtaani mnachanja au mnacheza? Alikuwa anatania. Nimeshindwa kucheka.

Kama kikohozi kimefika Vituka, kitafika kwa watoto wangu.

Jumanne, 19 Aprili

Nimemwambia Daktari. Tunamwita Daktari, ndiye mkubwa wa zahanati yetu, mtu wa Songea, hapendi makelele. Kasikiliza mpaka mwisho huku anafuta miwani.

Kasema, "Sista Nakijwa, watarudi tu kwa sindano ya pili. Moja ikipungua, Mungu atajazia."

Nimesema kadi zitaonyesha sindano tatu, miilini zitakuwa mbili.

"Ukitangaza watasema tumewachoma maji. Kliniki itakufa. Ndo unachotaka?"

Hajasema uongo. Ndiyo inayonitesa. Kina mama wa huku walituamini kwa shida. Miaka kumi nimekaa nao chini ya ile veranda mpaka wakaacha kuficha watoto. Nikisema, naibomoa kwa mdomo wangu. Nisiposema, mtoto mmoja atakohoa kama yule wa Vituka na mama yake atanionyesha kadi niliyoiandika mimi.

Nimechoka. Hata kuogopa kunachosha.

Alhamisi, 21 Aprili

Nimeandika barua wilayani. Ukurasa mmoja. Barafu, kitambaa, chupa, watoto thelathini na wanne, chati ya uongo. Safari ya Sinza na Eliza sikuitaja.

Jumatatu, 25 Aprili

Mratibu kaja mwenyewe na barua yangu mfukoni. Hakukaa. Kaomba chati. Kaiangalia saini yake muda mrefu.

"Umenifanya na mie mwongo, sista."

Afadhali angepiga kelele.

Uamuzi: ufunguo wa friji anakaa nao Mwajuma. Mimi natoka chumba cha sindano, nafanya huduma ya mkoba, nyumba kwa nyumba, mpaka watoto wote wapatikane na wachomwe upya. Gari halipo. Likiwepo halina mafuta. Nimepewa kikasha cha kubebea chanjo, vipande vinne vya barafu, na kipimajoto kipya.

Mwajuma kapokea ufunguo bila kuniangalia. Nilidhani atafurahi. Kautia mfukoni, kaenda moja kwa moja kuangalia utambi.

Alhamisi, 28 Aprili

Siku mbili za kutembea, watoto watatu.

Daftari letu lina jina la mama na jina la balozi wa nyumba kumi. Zamani ilitosha. Unamwendea balozi, anakupeleka mlangoni. Tangu vyama vingi vije, mabalozi wengine wameng'oa vibao. Mmoja kaniambia, "Mie siyo balozi wa mtu tena, mwulizeni anayejua." Mwingine kataka kwanza nimwambie mimi ni wa chama gani. Nimemwambia ni wa chama cha miguu iliyovimba.

Ubaya mwingine mkubwa zaidi. Wale kina mama wengi walikuwa ndiyo wanamaliza arobaini. Watu wa pwani mzazi wa kwanza huenda kulelewa kwa mama yake, akimaliza arobaini anarudi kwa mumewe. Mimi nimeandika nyumba za bibi. Wenyewe wameshatawanyika, Mbagala, Kurasini, Mabibo, mmoja Tabata. Na mabibi hawamwambii nesi mgeni binti yao ameolewa wapi. Wananikaribisha maji, wananiuliza hali, basi.

Miaka kumi nimeandika daftari hili. Sikuwahi kuuliza mzazi atakuwa wapi mwezi ujao.

Ijumaa, 29 Aprili

Mwajuma kaniletea chai. Hajawahi. Kakaa pembeni, kasema kwa sauti ndogo kwamba ninawauliza wasiojua. Nimwulize mkandaji.

Nimeweka kikombe chini. Namjua anayemsema.

Bi Mwanahawa ndiye anayewakanda wazazi wa mitaa hii yote. Kila asubuhi kwa siku arobaini anaingia na maji ya moto, anamkanda mzazi tumbo na mgongo, anamwogesha mtoto. Nyumba ishirini, thelathini kwa mwaka. Anajua kila mwali katoka wapi na anarudi kwa nani. Mwaka jana nilimfukuza uani kwetu mbele ya foleni nzima. Nilimwita muuaji wa maji ya moto. Mama mmoja alikuwa ameungua ngozi, nikaona nimepata sababu. Baadaye nilisikia si yeye aliyemkanda. Sikwenda kuomba radhi. Mimi nesi, yeye mwanamke wa birika.

Jumamosi, 30 Aprili

Nimekwenda. Nyumba ya udongo Tandika, ua umefagiwa hata kwenye mvua hii. Nimetoa shikamoo. Kaitikia marahaba, kaendelea kupepeta mchele. Nimesimama kama mwanafunzi.

Nimeanza na radhi. Kasema, "Yale nilishakunywea maji. Sema lililokuleta."

Nimemwambia. Kaniuliza swali moja tu.

"Na wa kwenu? Si binti yako naye katoka arobaini?"

Nimemwambia na hilo. Sinza, kadi mbili, uongo kwa mwanangu. Mtu wa kwanza kumwambia, na ni yule niliyemfukuza.

Kaweka ungo chini. Kanitazama mpaka nikaangalia miguu yangu.

Kasema, "Ntakupeleka. Lakini usiseme wilaya imesema. Mlango wowote tutakaoingia, sema, 'Mie nimekosea.' Na la mjukuu wako useme. Watalijua tu, bora walijue kwako."

Nimekubali. Nilikuwa nalia, nadhani. Kanipa maji.

Jumanne, 3 Mei

Watoto saba leo. Saba!

Bi Mwanahawa anatembea polepole, goti linamsumbua, lakini hapotei. Anapiga hodi, anamwita mzazi kwa jina la utotoni, anashika mtoto, anamkagua kitovu. Hana daftari, na hajakosea nyumba hata moja. Kisha ananigeukia mimi nami nasema. Nimekosea. Friji liligandisha. Mwanenu alichomwa bure. Mjukuu wangu nilimpeleka kwanza, kwa siri.

Mmoja kanitukana. Mmoja kacheka, kasema hata nyie manesi mna akili kama zetu. Wengi wanafunua paja la mtoto.

Najifunza kutikisa chupa mbele yao. Wanaangalia mpaka mwisho.

Jumatano, 4 Mei

Nimemwambia Upendo ukweli wa kadi mbili kabla hajasikia kwa jirani. Kamchukua Eliza, kaingia chumbani. Chakula kapika, kanipakulia. Hajala nami.

Jumatatu, 9 Mei

Ishirini na saba, ukimhesabu Eliza. Kikasha kimenichubua bega la kushoto, sasa nabeba la kulia. Yule kichanga wa Vituka amefariki hospitalini Ijumaa. Nimepita msibani. Nimekaa mkekani na wanawake wengine. Mama yake kanishukuru kwa kumtafutia gari.

Sikumfanyia chochote kibaya mtoto yule. Bado nimetoka pale kama mwizi.

Jumatano, 11 Mei

Mbagala. Zuhura, mtoto wake Salama. Jina la ishirini na sita kwenye orodha.

Mumewe fundi makenika, nyumba mbili za matofali, pazia jipya. Zuhura alikuwa anafua. Bi Mwanahawa alimkanda huyu kwa mikono yake, alimwita mwanangu. Nimesema yangu yote. Lilipofika la Sinza kaacha kufua.

"Wa kwako ulimpeleka lini?"

"Tarehe kumi na tano mwezi uliopita."

Kahesabu kwa vidole vyenye povu. "Na leo kumi na moja. Karibu mwezi mzima. Salama wangu angeumwa katikati hapo, ungesemaje?"

Nimeanza kufungua kikasha.

"Basi nendeni. Mwanangu siyo wa kujaribiwa mara mbili."

Kafunga mlango taratibu, hata hakuubamiza. Bi Mwanahawa kakaa kwenye kizingiti, goti linamuuma. Nimemwambia, umeona, ukweli umemfukuza. Kasema ukweli haukumfukuza, siku zile ndizo zilizomfukuza.

Tumerudi kwa miguu.

Jumatatu, 16 Mei

Thelathini na wawili. Wamebaki wawili.

Mmoja, Hamisi, baba yake kawachukua kwenda Kilwa. Masika hii mto Rufiji hauvukiki. Nimeandika barua kwa nesi wa huko, jina la mtoto, jina la mama, sababu. Nimempa dereva wa lori atakayevuka maji yakipungua. Labda itafika. Labda atafungia samaki.

Wa pili Salama. Nimepita Mbagala mara mbili bila kupiga hodi. Mara ya tatu nimepiga. Pazia limetikisika, mlango haukufunguliwa.

Kliniki haijafa. Daktari kanionyesha foleni. Ila kina mama wamebadilika. Kabla ya kufunua paja wanamwambia Mwajuma, "Itikise kwanza." Wanarefusha foleni mpaka saa tisa. Mwanzoni Mwajuma alikasirika. Nimemwambia awatikisie.

Ijumaa, 20 Mei

Kesho Idd ya kuchinja. Zahanati itafungwa siku mbili, pengine tatu. Nimemkuta Mwajuma mbele ya friji ameshika chati na kalamu. Nikasogea nione anachoandika.

Alikuwa anaacha nafasi. Kachora mstari mwembamba kwenye siku zote za sikukuu, kaandika pembeni: zahanati imefungwa, mlinzi hajui kusoma kipimo. Kisha kaniuliza kama mkaguzi atakasirika.

Nimesema atakasirika.

Kasema Jumapili atapita mwenyewe asubuhi, kwao si mbali, aandike atakachokiona. Utambi kauacha katikati.

Nimemsema huyu binti kwa kuchelewa kwa muda wa mwaka mzima.

Jumatano, 25 Mei

Mvua imekatika. Jua dogo.

Kama saa nne nilikuwa nafunga kikasha nianze tena safari ya Mbagala. Upendo alikuwa barazani na Eliza, amekuja kwa sindano ya pili. Kaja hapa, hakwenda Sinza. Kakaa kwenye foleni kama wengine, nyuma ya mama wa Yombo.

Nyuma yake, mwisho kabisa wa benchi, Zuhura. Salama mgongoni, amelala. Hatukusalimiana. Nilitaka kukimbia na kikasha changu. Nikabaki.

Zamu yake ilipofika kaingia, kamtazama Mwajuma, kisha kanigeukia mimi.

"Wewe. Tikisa nione."

Mwajuma kanipa chupa. Nimetikisa. Nimeiweka dirishani, palepale. Tukasubiri sote watatu, na Salama kaamka akaanza kulia. Tulikaa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Weupe ukabaki weupe, mpaka chini.

Zuhura kafunua paja la mtoto. Kachoma Mwajuma. Mimi nimeandika.

Thelathini na watatu. Mstari wa Hamisi uko wazi, nimeuacha wazi.

Saa kumi jioni Mwajuma kafunga friji, kaandika nyuzi sita. Alipotoka kwenda kunawa ufunguo ulikuwa bado kwenye kitasa, nimefungua mlango nikaangalia kipimajoto.

Sita.